Maharagwe ya Kitale na Sufuria ya Presha

Mjukuu wangu, nilikusikia juzi ukiwaambia wenzako kwamba maharagwe matamu ni yale ya chungu, yaliyoinjikwa kwa kuni tangu alfajiri, na kwamba hizi sufuria za presha ndizo zilizotuharibia chakula cha kwetu. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni. Sasa keti nikueleze, maana hayo maharagwe ya chungu mimi niliyala, kuni zake nikaziokota, na mimi ndiye niliyeleta sufuria ya presha ya kwanza katika boma letu kule juu ya Kitale. Utamu unaousifu ulikuwepo, sikatai. Ila kulikuwa na mtu aliyekuwa akiulipia, na sisi tuliokaa tukingoja kunawa mikono hatukuwahi kumuuliza bei.

Nilizaliwa upande wa Chwele, Bungoma, mahali ambapo mvua ni mbili na maharagwe huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ghalani hayakupata nafasi ya kuzeeka. Mama yangu, ambaye wewe ungemwita kukhu, yaani bibi, aliyapanda katikati ya mahindi, akayang'oa yakishakauka, akayapura uani kwa fimbo. Makapi hakuyatupa. Aliyachoma, akayashindilia majivu yake ndani ya chungu kikuukuu kilichotobolewa kitako, akamimina maji juu taratibu, na chini yakawa yanadondoka maji ya rangi ya chai kavu. Huo ndio munyu. Ukiuonja mtupu ulimi unaparara na pua inakumbuka sabuni, lakini ukitia kidogo kwenye mrenda au majani ya kunde, mboga inalainika bila kupoteza ukijani wake, na ukitia kwenye maharagwe, ngozi inalegea mapema. Mmea ule ule uliotupa punje ulitupa na dawa ya kuilainisha. Jioni mama alichanganya maharagwe na mboga ya mito iliyochemshwa ikapunguzwa uchungu, akaongeza simsim iliyosagwa kwenye jiwe, na harufu ya ile simsim ikipata moto ilitutoa malishoni bila kuitwa. Siku ya soko Chwele pangekuwa na ndizi, kuku, samaki wa kukaushwa na vumbi la miguu ya ng'ombe, na bado mimi nilikuwa nikiwaza chungu cha nyumbani.

Kisha tukahama. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, walowezi wengi wa Trans Nzoia walianza kuuza mashamba na kushika njia, na wazee wa kwetu wakawa wanachanga fedha kununua kwa pamoja. Jina la Masinde Muliro halikukosekana katika mikutano hiyo. Baba aliuza madume wawili na baiskeli yake, tukapanda upande wa Endebess, kwenye ubaridi ambao Chwele hatukuujua. Udongo ulikuwa mwekundu na mnene, na mbegu mpya ya mahindi ya Kenya Seed, ile chotara 611 iliyotoka mwaka 1964, ilimea hadi mtoto akapotea ndani ya shamba. Chakula kilikuwa tele. Maharagwe peke yake ndiyo yaliyotugomea. Mama aliyainjika asubuhi, jua likapita utosini, na ukibonyeza punje kwa kidole bado moyo wake ni mgumu. Shangazi alisema ni maji ya mto. Jirani akasema ni kuni za mkaratusi, hazina moto wa kweli. Bibi mmoja mzee alishuku kwamba shamba lile halijatambikiwa.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilikuja kuelewa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma mjini karibu 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, kwetu Kitale kwenye 94 hivi, na ukiongeza kuni hupati joto zaidi, unapata mvuke tu. Lakini tofauti na Bungoma haifiki hata nyuzi mbili, kwa hiyo mlima usibebeshwe lawama yote. Kosa kubwa lilikuwa umri. Trans Nzoia msimu ni mmoja: unapanda Machi au Aprili, unavuna Julai na Agosti, na yale unayopika Februari yamekaa ghalani zaidi ya nusu mwaka, yamekomaa kwa ukaidi. Haragwe likikaa sana, hasa mahali penye joto na unyevu, ngozi yake na nyama yake hufungamana hata maji hayaingii. Sisi tulikuwa tukipigana na mlima na kalenda kwa wakati mmoja, na silaha yetu ilikuwa mgongo wa mama. Mwanzoni kuni zilikuwa za kuokota tu, mabaki ya miti ya mlowezi. Kufikia miaka ya sabini alikuwa akizifuata mbali, anarudi na mzigo unaomfunika kichwa, shingo imeingia mabegani.

Sufuria ile niliiona kwa mara ya kwanza Bungoma, katika shule ya sekondari niliyoanzia kufundisha. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati kutoka Georgia, Marekani, dada mmoja mrefu mwenye madoadoa usoni, aliyeletwa na Peace Corps, lile shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961. Jumamosi moja alitualika walimu tule chakula cha kwao. Tulitarajia mikate na vitu vya mkebe. Akafunua sufuria nzito ya alumini, ndani yake kunde kavu zimeiva zikavunjika, na pembeni sukuma wiki aliyoipika hadi ikanyong'onyea, pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Supu ya mboga hakuimwaga. Alichovya mkate wa mahindi ndani yake. Mwenzangu mmoja wa Kimilili alicheka akasema, huyu ni mtu wa kwetu. Naye akatueleza kwamba kwao Kusini mwa Marekani chakula hicho huliwa siku ya Mwaka Mpya, kunde zikisimama badala ya sarafu na majani badala ya noti, ili mwaka uwe wa fedha. Kunde zile asili yake ni Afrika, zilivuka bahari enzi za biashara ya watumwa, na mikono ya watumwa ndiyo iliyozipanda na kuzipika kule. Mwalimu yule alipomaliza mkataba wake aliuza vyombo vyake. Redio ilichukuliwa na mwalimu mkuu. Mimi nilichukua sufuria kwa shilingi 70, fedha ambazo zingeninunulia magunia kadhaa ya makaa wakati huo, na walimu wenzangu wakaniuliza kama nimeoa kisirisiri.

Niliipakata ndani ya basi kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, kila abiria akitaka kujua ni mashine ya nini. Mama hakuipenda. Ilimtisha kwa kufoka, na zaidi ilimuudhi kwamba haifunuliwi ili mpishi aonje. Mpishi asiyeonja, alisema, ni mlinzi wa moto tu. Mwanzo aliitia munyu kama alivyozoea, na baada ya muda ukuta wa ndani ukawa mweusi wenye vidoti, kwa sababu munyu huila alumini. Mtu mwingine angeitupa sufuria au angeutupa munyu. Yeye aligawa kazi. Maharagwe aliyaloweka usiku, akamwaga maji yake asubuhi, akayatia kwenye presha na maji matupu, yasifike nusu ya sufuria, na kijiko cha mafuta ili povu lisipande. Mboga aliipika pembeni katika chungu, kwa munyu. Kile kizito cha juu ya kifuniko kikianza kucheza, alivuta makaa mawili matatu akayaweka kando, moto ukatulia. Mwisho alimimina maharagwe ndani ya chungu cha mboga, akaongeza simsim, akaacha vyote vizoeane robo saa hivi juu ya moto mdogo. Nilikula nikafumba macho nikitafuta tofauti na maharagwe ya Chwele. Sikuipata, na ulimi wangu siku hizo ulikuwa haujaharibiwa na chochote. Utamu ulikuwa ndani ya munyu, simsim na ile robo saa ya mwisho. Zile saa nne za kabla yake zilikuwa kuni tu.

Saa hakuwa nayo, kwa hiyo alipima kwa redio. Maharagwe aliyaweka taarifa ya habari ya saa saba ikianza, akayatoa matangazo ya vifo yakiisha, na hesabu hiyo ilimtosha miaka mingi. Ilimwangusha siku moja, Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki. Redio iliacha ratiba yake ikawa muziki wa maombolezo mfululizo, watu wakasimama njiani wakinong'ona, na jikoni kwetu maharagwe mapya ya msimu yakaiva yakapitiliza yakawa uji. Tuliyala hivyo hivyo, tukimsikiliza baba akisema kwamba sasa tutaona mambo.

Usidhani nakuuzia chombo kisicho na hila. Sufuria hizo zina tundu dogo la usalama lenye kizibo kinachoyeyuka au kufyatuka mvuke ukizidi, na zina mpira wa kuzunguka mdomo unaochoka haraka. Spea zilikuwa shida. Jirani yetu mmoja kizibo chake kilipotoka, aliipeleka sufuria kwa fundi wa mjini, na fundi akakaza bolti mahali pale. Ikafanya kazi vizuri hadi siku ganda la haragwe lilipoziba njia ya mvuke. Tulisikia mlio kutoka ng'ambo ya shamba. Kifuniko kilitoboa bati la paa, maharagwe yakabandika kuta hadi kwenye kalenda, na yule mama akabaki na kovu kwenye mkono wa kulia. Kwa muda mrefu baadaye wanawake wa kijiji walipita mbali na jiko letu kila liliposikika likifoka. Mama alichokifanya ni kukagua tundu kwa kulipuliza kwa mdomo kabla ya kila pishi, na mrenda akaupiga marufuku kabisa kuingia humo, kwa ule mtelezo wake.

Sasa nikwambie mama alivyoutumia muda aliouokoa. Mwaka 1979 serikali ya Moi ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga, na madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa hadi kwenye makanisa yetu. Mama alikuwa akiiacha sufuria ipoe yenyewe, akajifunga leso, akaenda. Aliandika herufi kubwa kama za mabango, ulimi ukimtoka pembeni. Siku moja alipeleka mjini magunia yake ya maharagwe, akahesabu noti mwenyewe, akatia sahihi kwenye daftari la mnunuzi, na kuanzia hapo baba akawa anauliza bei badala ya kuitangaza. Mwaka 1984 ukame ulipotushika na tukala yale mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo yalihitaji moto mrefu kuliko kitu chochote tulichowahi kupika, ni nyumba chache zilizoweza kupika pure kila siku. Yetu ilikuwa mojawapo.

Leo serikali ikifunga misitu, kama ilivyofanya Februari 2018, bei ya makaa inapaa wiki hiyo hiyo, na Kenya Power wenyewe wanahimiza watu wapike kwa umeme, kampeni wakaiita Pika na Power. Wanawake wa Kitale hawakungoja kampeni. Kwa hiyo ukitaka kusifu chungu, sifu. Hata mimi ninacho, na mboga zangu hazipikwi kwingine. Lakini ukija Krismasi utanikuta na maharagwe ya Agosti yaliyokwisha kuanza ukaidi wao, na mpira wa sufuria yangu umepasuka. Pitia maduka ya vyombo pale mjini uninunulie mpya, upime kwanza kwa kamba hii nitakayokupa. Na ukitaka ya chungu kabisa, shoka liko nyuma ya ghala, na kuni utapasua wewe.