Kung'atuka kwa Amri Mbili

Katika somo la utangulizi wa isimu tunafundishwa kwamba uhusiano baina ya neno na kitu kinachotajwa na neno hilo ni wa kinasibu. Hakuna sababu ya mti kuitwa mti. Katika lugha za programu mambo ni tofauti kidogo. Huko jina la amri hubuniwa kwa makusudi, ili anayelisoma ajue amri hiyo hufanya nini. Jina likidanganya, kazi yote iliyojengwa juu yake huyumba. Nakusudia kueleza jinsi majina mawili ya aina hiyo yalivyozigusa lugha zetu, na kwa nini mimi, mwanafunzi wa Kiswahili niliyezaliwa Nunguni, nilifurahia kuondoka kwake.

Majina yenyewe ni utf8_encode na utf8_decode, amri za kushughulikia maandishi katika lugha ya PHP inayoendesha tovuti nyingi duniani. Toleo la 8.2 la lugha hiyo lilipotoka tarehe 8 Desemba 2022, ilitangazwa kwamba amri hizo zisitumiwe tena. Hazikufutwa siku hiyo. Ziliendelea kufanya kazi, ila kila zilipoitwa tarakilishi ilitoa ilani, na ikapangwa ziondolewe kabisa katika toleo la 9.0.

Je, kasoro yake ilikuwa ipi? UTF-8 ni utaratibu wa kuhifadhi maandishi uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, nao unaweza kubeba herufi za takriban lugha zote zinazoandikwa. Anayesoma jina utf8_decode hudhani kwamba amri hiyo itayafumbua maandishi yoyote ya UTF-8. La hasha! Kazi yake ilikuwa kuyahamishia katika utaratibu mmoja tu, ISO-8859-1, uliotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi na wenye nafasi 256 pekee. Herufi iliyokosa nafasi humo iligeuzwa kuwa alama ya kuuliza, kimyakimya, bila hata kumwarifu mwenye maandishi.

Hapo ndipo habari hii inapofika kwetu. Nunguni ni mji ulio katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, penye baridi, ukungu na mashamba ya matuta kwenye miteremko. Lugha yetu ya nyumbani ni Kikamba, chenye irabu saba. Kwa kuwa alfabeti ya Kirumi ina irabu tano, mbili zilizosalia huandikwa kwa kuweka wimbi juu ya i na u. Mtu ni mũndũ, kitu ni kĩndũ, mti ni mũtĩ. ISO-8859-1 ina nafasi ya ñ ya Kihispania, na ya ã na õ za Kireno. Ya ĩ na ũ haina.

Wakati mmoja mimi na vijana wenzangu tulikuwa tukikusanya majina ya miti kutoka kwa wazee, tukiyaandika moja kwa moja katika tovuti fulani ya msamiati. Orodha ilipotolewa, mũtĩ ilikuwa imekuwa m?t?. Nyanya yangu, ambaye husoma Biblia yake ya Kikamba kila jioni, aliitazama karatasi akaniuliza, "Mjukuu wangu, haya maswali ni ya nani? Mimi nilikwisha kukujibu." Mtunzaji wa tovuti alitueleza baadaye kwamba maandishi yote yalikuwa yamepitishwa katika utf8_decode kabla ya kuhifadhiwa. Maneno ya nyanya tuliyarudisha, kwa kuwa yupo. Mzee mmoja miongoni mwa wale waliotusaidia alikuwa amefariki. Kwa kuwa ĩ na ũ zote hugeuzwa alama ile ile, yamo majina mawili katika orodha yake ambayo hakuna kijijini anayeweza kusema yalikuwa yapi.

Huenda msomaji akadhani kwamba Kiswahili kimesalimika kwa kuwa hakina wimbi. Akumbuke ritifaa ya ng'. Programu nyingi za kuandikia huipinda ritifaa hiyo bila kuulizwa, na ritifaa iliyopinda haimo katika ISO-8859-1. Hivyo ng’ombe hutoka ng?ombe.

Linabaki suala la istilahi. Tuiiteje hali ya amri kuachishwa kazi bila kufutwa? Kusema imefutwa si kweli, maana ingali inafanya kazi. Kusema imestaafu kunakaribia, lakini mstaafu haonekani tena kazini. Napendekeza tuseme imeng'atuka. Neno hili lilitoka katika Kizanaki na likaenezwa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyeacha urais mwaka 1985 lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Katika miaka ile mitano alikuwapo na alisikizwa, huku kila mtu akijua kwamba mamlaka yalikuwa yakihama. Amri iliyong'atuka iko katika hali hiyo hiyo: huwapa watu muda wa kuhama.

Miongoni mwa amri zilizopendekezwa badala yake ni mb_convert_encoding. Nayo yaweza kuweka alama ya kuuliza pale herufi inapokosa nafasi, lakini jina lake halidanganyi, na mtumiaji anaweza kutaja wazi maandishi yanatoka katika utaratibu upi na yanakwenda katika upi. Akitaja ISO-8859-1, atakuwa amechagua mwenyewe.

Kazi ya kuzichunguza tovuti zinazohifadhi lugha zetu tusiwaachie mafundi peke yao, kwani fundi asiyejua Kikamba hawezi kuona kwamba m?t? ni msiba. Atakayekabidhiwa tovuti ya kamusi na aanze kwa kuandika humo neno ng’atuka, lenye ritifaa iliyopinda. Likitoka ng?atuka, ajue kwamba ipo amri ambayo bado haijang'atuka.