Mnara mmoja, seva moja

Nimepotea wiki mbili hivi. Sababu yenyewe inaniaibisha, lakini wacha niiseme tu.

Nilimtengenezea mama mmoja mwenye duka la jumla programu ya kuweka madeni ya wateja. Nakala rudufu nilikuwa nazo, tena za kila usiku, ila zilikaa kwenye seva ile ile, diski ile ile. Diski ikafa, vyote vikaenda pamoja. Mama akanipigia simu: "Kijana wangu, sasa nitajuaje nani hajanilipa?" Sikuwa na jibu. Na ni mimi niliyemwambia aachane na daftari!

Usingizi ulipokataa usiku huo, nikawa nasoma habari za mnara wa televisheni wa Ostankino, kule Moscow. Ulijengwa kuanzia 1963 hadi 1967, ukafika mita 540. Ndio uliokuwa wa kwanza duniani kupita mita 500 ukisimama wenyewe, bila nyaya za kuushikilia kwa nje. Ulishika nafasi ya kwanza kwa urefu hadi 1975, ulipopitwa na CN Tower ya Toronto.

Mhandisi wake, Nikolai Nikitin, alipitisha kamba za chuma ndani ya mnara na kuzivuta kwa nguvu ili zibane zege. Upepo ukiuyumbisha mnara, zege halipasuki. Kamba hizo si moja wala kumi. Ni karibu 150.

Tarehe 27 Agosti 2000 moto ulizuka juu, zaidi ya mita 450 kutoka ardhini. Wazima moto walipanda ngazi kwa miguu na mitungi yao. Watu watatu walikufa. Joto liliharibu kamba nyingi, na watu wakahofia mnara utaanguka. Haukuanguka. Kamba zilizobaki ziliubeba, na baadaye mpya zikawekwa.

Lakini matangazo je? Karibu vituo vyote vya televisheni vya jiji vilirushwa kutoka mnara huo mmoja, kwa hiyo vilizimika pamoja. Mamilioni ya watu wakabaki na skrini tupu.

Hapo nikajiona. Nikitin aliujenga mnara akijua kamba zinaweza kukatika. Waliopanga matangazo waliuchukulia mnara kama kitu kisichoweza kuungua, nami niliichukulia diski vivyo hivyo.

Siku hizi nakala zangu ziko kwenye mashine mbili, kila moja mji wake, na kila Ijumaa najaribu kuzirudisha nione kama zinafunguka. Madeni ya mama tumeyapata kama nusu, kwa kuwauliza wateja wenyewe. Waungwana wamekiri, wengine kimya.

Mama amenunua daftari jipya. Safari hii sijamwambia alitupe.