Harambee ya Swali

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mkenya hahitaji kufunzwa methali hii. Mgonjwa akilemewa na gharama za hospitali, jamaa hukutana, kadi za mchango husambazwa, na siku ya harambee hata ajuza mwenye kuku mmoja humleta kuku huyo anadiwe. Mazishi nayo yana kamati yake, mweka hazina wake na daftari lake. Hata hivyo, ni nadra mno kusikia harambee iliyoitishwa ili ijulikane ni kitu gani hasa kilichomwua marehemu. Akishazikwa, husemwa kuwa ni kazi ya Mola, na waombolezaji wakarejea makwao.

Pengo hilo aghalabu huzibwa na wageni. Mwaka 2007 ulianza utafiti mkubwa kuhusu maradhi ya kuhara miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5 katika nchi 7: Kenya, Mali, Gambia, Msumbiji, India, Bangladesh na Pakistan. Fedha zilitoka kwa Wakfu wa Bill na Melinda Gates wa Marekani. Nchini Kenya, kazi hiyo ilifanyika eneo la Siaya. Watoto 9,439 waliokuwa wakihara walichunguzwa, na pamoja nao wengine 13,129 wasiohara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: katika msitu wa vijidudu, vichache tu ndivyo vilivyosababisha sehemu kubwa ya maradhi hayo, vikiwemo virusi vya rota, shigela na kriptosporidiamu. Ilibainika pia kuwa katika kipindi cha takriban miezi miwili ya ufuatiliaji, uwezekano wa kufa kwa walioharisha ulikuwa mara 8.5 ya ule wa wenzao. Wengi walifia nyumbani, baada ya kuonwa na daktari.

Msomaji na apige taswira ya mama mmoja wa Siaya. Mwanawe ni mzima, anacheza uani. Mhudumu anabisha hodi, anaeleza kwa upole, kisha anaomba choo cha mtoto. Pengine jirani anacheka. Mama anatoa. Hapewi stakabadhi wala jina lake halisomwi mbele ya umati. Lakini bila mwanawe, utafiti wote ungekuwa bure, kwani vijidudu vingine huishi hata katika tumbo la mtoto asiyeugua; ni kwa kumlinganisha mgonjwa na mzima ndipo mkosaji hutambuliwa. Basi ni nani mfadhili hapa, tajiri aliyetoa dola au mama aliyetoa imani?

Mnamo Julai 2014 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya rota, matone ya kinywani yaliyotolewa wakati huo wakiwa na wiki 6 na wiki 10. Chanjo hiyo ni tunda la juhudi za watafiti wengi, wala si la utafiti mmoja. Kriptosporidiamu nayo haijapata chanjo hadi leo. Imekwisha kutajwa jina, ila kinga yake bado inasubiriwa.

Hapo ndipo ilipo hofu. Mwenye mfuko ndiye huchagua swali, na mfuko una mwisho wake. Mwezi Mei 2025 wakfu huo ulitangaza kwamba utafunga milango yake ifikapo tarehe 31 Desemba 2045. Hakuna haki ya kumlaumu mtu anayepanga kutumia mali yake yote kwa hisani. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtoto atakayehara mwaka 2046 hatakuwa na habari za tangazo hilo.

Ajuza yule bado ana kuku. Moyo wa kutoa haujapungua vijijini. Kilichokosekana ni desturi ya kuutolea utafiti. Kuuliza si ujinga. Itakapofika siku ambapo mnadi atamwinua kuku yule na kutangaza kuwa fedha zake si za jeneza bali ni za kujua, methali ya wahenga itakuwa imetimia.