Agra ni mbali, vuka mto uone Pangani

Kama na wewe ni mgonjwa wa sinema za Kihindi kama mimi, basi lazima umeshaota kwamba siku moja utafika Agra, upige picha mbele ya Taj Mahal, lile kaburi la marumaru nyeupe ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe, Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua. Ndoto haina kosa, ila nauli yake wee acha tu! Sisi wa Mwera tuna mji wetu wa Wahindi hapa hapa, ng'ambo ya mto. Ni Pangani.

Tatizo tumeuzoea. Tunavuka kutoka Bweni kwenda kununua misumari, kwenda hospitali, tunarudi. Mwambie mtu unakwenda Pangani kutazama nyumba tu, atakugusa shingo aone kama una homa.

Basi bwana, Jumatano nilikwenda kutazama nyumba. Nenda mtaa wa India taratibu, kichwa juu. Utaona magorofa ya mawe ya matumbawe na chokaa, chini duka, juu watu wanalala, roshani zimetokeza barabarani. Wenyewe walitokea Kutch na Gujarati, wakaja na kaniki na shanga, na zaidi ya yote wakaja na mkopo. Hapo ndipo penye mambo. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilianzia Pangani, na Mhindi ndiye aliyemkopesha mwenye msafara bidhaa za kwenda nazo. Mwarabu mwenye shamba la miwa kando ya mto naye alikopa kwa huyo huyo. Waliokata miwa ni watumwa. Kwa hiyo ukiona roshani nzuri ujue ndani yake mna riba, na ndani ya riba mna jasho la mtu ambaye hakulipwa hata senti.

Barazani nilimkuta mzee mmoja, nikampa shikamoo.

"Marahaba mjukuu wangu. Unatafuta chumba cha kupanga?"

"Hapana babu, natazama majengo ya Wahindi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mhindi alitoa pesa. Boriti zilikatwa mikokoni, mawe yakachimbwa pwani, chokaa ikachomwa, yote na watu wa huku. Sasa niambie, majengo ya nani hayo?"

Nikakosa jibu, nikaaga.

Boma nalo usilikose. Inasemekana lilijengwa na Mwarabu mwaka 1810, Wajerumani wakaja kubadili paa. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifukiwa hai kwenye msingi ili jengo lisitikisike. Mimi sikuuegemea ukuta ule, sitaki mchezo! Na ni katika mji huu ambapo mwaka 1888 wananchi waliikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, vita vikaenea pwani nzima, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim akanyongwa hapa hapa. Jina lake lipo hai, kuna kata inaitwa Bushiri.

Mbona mji ulilala? Reli, ndugu yangu. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Nani tena atembee kwa miguu na pembe begani? Biashara ikahamia Tanga na Wahindi wengi wakaifuata. Halafu mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na huko mijini Wahindi wengi wakafunga virago.

Nionavyo mimi, umaskini ndio uliozilinda nyumba hizi. Hakuna aliyekuwa na pesa za kuzibomoa. Sasa kuna mradi wa barabara ya lami kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani, na daraja la kuvukia mto. Mwenye pesa atakuja, ataona kiwanja kizuri karibu na maji, na juu yake gofu. Unafikiri atafanya nini? Mimi ningeanza na mapaa kabla hajafika huyo. Chokaa ikishalowa mvua misimu miwili mitatu, ukuta hauna mwisho mwema. Nimeona mmoja umepasuka toka juu hadi chini, na chini yake mama anakaanga mihogo kama kawaida.

Ukienda, nenda siku ya kazi, kwani Boma limekuwa likitumika kama ofisi za serikali. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hata ya mlango, maana nyuma ya mlango kuna watu wanaishi. Halafu kale mihogo ya yule mama, ni mitamu kweli na pilipili yake haina mzaha. Ila ukishanunua, kalie upande wa pili wa barabara.