Mipaka ya Mashamba Ndani ya Diski

Umeme ulipokatika Lushoto, kompyuta yenye kumbukumbu za mipaka ya mashamba ya kijiji kimoja iligoma kuwaka. Fundi alishauri diski zote zifutwe. Nilikataa, Usambara mashamba ni vipande vya miteremkoni, na ugomvi wa mpaka hurithiwa.

Niliiwasha kwa Linux iliyomo kwenye flashi, nikafungua faili la fstab, nikatia alama ya reli mbele ya mstari wa diski ya pili iliyoathirika, kisha nikaikagua diski hiyo kwa fsck kabla ya kuipachika. Kumbukumbu zilikuwa salama.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Onyo la kompyuta hii lilikuwa Kiingereza kitupu. Karani alilinakili daftarini, neno kwa neno, bila kulielewa.