Nilimkalisha mwanangu mbele ya spika

"Mama, kuna nyuki sikioni."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Julai mwaka jana, nyumbani kwa mama yangu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, alikaa kwenye mkeka akijigonga sikio la kulia kwa kiganja kama mtu aliyetoka kuoga ziwani. Nilimlaza pajani, nikammulika kwa tochi ya simu. Hapakuwa na nyuki wala mdudu mwingine yeyote.

"Analia," akasema. "Hanyamazi."

Nilijua palepale nyuki huyo katoka wapi. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka mtoto alikompata.

Aliyekulia kwetu Bisibo, upande huu wa Ngara na Biharamulo, anaujua mwezi wa Julai. Masika yamekwisha, maharage yameshaanuliwa, barabara za vijijini ni vumbi tupu na mifukoni mwa watu hakukosi chochote. Harusi zinafuatana. Mjini nako uwanja wa wazi haukai mtupu wikiendi: leo kwaya na mkutano wa injili, wiki ijayo kikundi cha ngoma, wiki inayofuata lori la matangazo lililogeuzwa jukwaa, lina wacheza shoo na MC anayerusha fulana kwa watu. Hapo Nane Nane yenyewe bado. Hakuna kiingilio. Kwa mzazi aliyezoea miji mikubwa, ambako mtoto hawezi kucheka bila wewe kutoa noti, hii ni neema. Mimi kazi imeniweka Mwanza, na kila likizo nikirudi huwa nina hamu mwanangu apate kile nilichokipata mimi: kuketi chini na watoto asiowajua majina, vumbi hadi magotini, mkicheka kitu kimoja.

Jumamosi ile lilikuwa zamu ya lori. Tulifika saa tisa alasiri. Fuso limeegeshwa ubavu, pembeni kumesimama minara miwili ya spika, kila mmoja mrefu kunizidi. Watoto walikuwa wameshapangwa mstari wa mbele, hatua tatu hivi kutoka kwenye spika. Mzee mmoja aliyejipa mwenyewe kazi ya ulinzi, fimbo mkononi, akaniona nimembeba binti yangu nyuma ya watu.

"Mama, mlete mtoto mbele aone."

Nikamleta. Nikamshukuru mzee. Kisha nikarudi nyuma kidogo nikachukua video, maana walikuwa wamependeza kweli. Video hiyo ninayo mpaka leo. Ukiitazama bila sauti unaona jambo ambalo mimi sikuliona siku ile: watoto kama ishirini wamekaa chini, na saba kati yao wameziba masikio kwa vidole huku wanacheka. Wangu ni mmojawapo. Tulikaa pale saa mbili na nusu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila inapofika 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, taarifa za Shirika la Afya Duniani (WHO) huingia kwenye barua pepe yangu, nami huzisoma. Nimewahi kuandika kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Niliandika nikiwa na picha ya kijana wa Ulaya mwenye hedifoni. Sikuwahi kuwaza fuso, wala uwanja wetu wa vumbi.

Tukarudi kwa nyuki. Mama yangu alikwisha kupasha mafuta ya kula kwenye kijiko ili amdondoshee mjukuu sikioni. Nilimzuia, akanuna. (Mzazi mwenzangu, usitie mafuta, wala kijiti cha pamba, kwenye sikio ambalo hujui lina nini.) Tukaenda kituo cha afya. Tabibu alimchungulia kwa kifaa chake chenye taa, akasema ngoma ya sikio ni nzima, hakuna usaha, hakuna nta iliyoziba. Akauliza jana mtoto alikuwa wapi. Nilipomjibu, aliangalia chini akaandika. Dawa ya kuondoa mlio hana, akasema. Mtoto apumzike sehemu tulivu, asishike simu wala kukaa karibu na redio, na mlio usipoondoka ndani ya siku mbili tatu tutafute kipimo kamili cha usikivu katika hospitali kubwa.

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Nilianza mchezo ambao sikumwambia mtoto kuwa ni mchezo: namwita kwa kunong'ona nikiwa nyuma yake, halafu nasubiri. Mara ya kwanza hakugeuka. Nikajiambia amezama kwenye mdoli wake. Mara ya pili hakugeuka. Nilitoka nje nikasimama migombani nikiwa sina la kufanya kule.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kimfuko kilichojikunja kama konokono, kuna chembe hai zenye vinywele, takribani 15,000 kwa kila sikio. Sauti inapoingia vinywele hivyo huyumba, na kuyumba huko ndiko ubongo unakokusoma kuwa ni neno, au wimbo, au mama anaita. Sauti ikiwa kali au ikidumu muda mrefu, vinywele hulala kama mtama uliopigwa na upepo. Vingine huinuka baada ya kupumzika, ndiyo maana mlio huondoka. Vinavyokufa havioti tena, kwa mtoto wala kwa mtu mzima.

Hesabu yake inatisha. Watu wazima kazini hukadiriwa kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka desibeli 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Karibu na spika kubwa za jukwaani, 100 na zaidi ni jambo la kawaida. Kwa watoto WHO ni kali zaidi: kwenye mwongozo wake wa vifaa vya kusikilizia muziki, mtu mzima amepewa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima, mtoto akapewa 75.

Mama aliponiona nimeshika tama aliniambia, "Sisi tulikaa mbele ya ngoma mpaka asubuhi. Mbona nakusikia?"

Ana hoja, na nisiisingizie ngoma upole. Ngara tunapakana na Burundi, na zile ngoma zao za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, hutikisa kifua cha anayesimama karibu. Lakini ngoma hupigwa na mkono, na mkono huchoka. Wapigaji hupokezana, wimbo hukatika, wazee hutia maneno, mtoto hukimbia akarudi. Spika haina mkono. Mashine ya umeme ikijaa mafuta, ile sauti ya saa tisa ndiyo ya saa kumi na mbili, na nyimbo zikipumzika MC anapokea kwa sauti ileile.

Nadhani hapo ndipo tulipokosea, sote tuliokuwa uwanjani. Kumweka mtoto mbele ni adabu yetu ya zamani. Mtoto ni mfupi, hataona. Mtoto ni wa kila mtu, apewe nafasi nzuri. Yule mzee mwenye fimbo alinitendea wema kama alivyotendewa yeye utotoni. Ila kwa ngoma ya ngozi pale mbele palikuwa mahali pa heshima, na kwa spika ni mahali pabaya kuliko pote uwanjani. Vyombo vimebadilika, sisi bado tunapanga watoto vilevile.

Asubuhi ya Jumanne binti yangu aliamka akasema nyuki ameruka. Nilimnong'oneza jina, akageuka. Niliporudi kwa tabibu kumshukuru hakushangilia kama mimi. Alisema mlio kuondoka ni habari njema, lakini tusimrudishe mtoto palepale, kwa kuwa sikio lililochoka mara nyingi ndilo linalokuja kushindwa kabisa.

Jumamosi iliyofuata lori lilirudi. Nikaenda peke yangu, mapema, nikamtafuta fundi mitambo. Ni kijana wa rika langu, alikuwa anafunga nyaya.

"Kaka, samahani. Unaweza kupunguza sauti kidogo? Watoto wanakaa hapa mbele."

Alicheka, si kwa dharau. "Dada, muziki huu usiposikika stendi, mimi silipwi."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko taarifa zote za WHO. Sauti ile haikufunguliwa kwa ajili yetu tuliofika. Sisi tungesikia hata kwa robo yake. Imefunguliwa kwa ajili ya aliye stendi anasubiri basi, mama wa sokoni, bodaboda wa njia panda, watu ambao tajiri wa tangazo anataka wajue kwamba yupo mjini. Njiani kuelekea kwao inapita kwenye masikio ya watoto waliokaa hatua tatu mbele. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tunazo tangu 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na NEMC ndiyo wenye kuzisimamia. Mwaka 2022 WHO nao walitoa viwango vya kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, ipimwe wakati wote, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Kama kuna mtu amewahi kupeleka kipimo kwenye uwanja wetu, mimi sijamwona.

Kwa hiyo nilimuuliza fundi swali jingine. Kama sauti haishuki, watoto je, hawawezi kusogea? Akatazama uwanja, akakuna kichwa. "Hilo halina gharama," akasema. Alikuwa na kamba ya kufungia mizigo.

Pasipo kuta, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Kutoka hatua 3 kwenda 6, kwenda 12, kwenda 24, kwa makadirio umeacha nyuma desibeli 18. Zile dakika 15 zinageuka saa 16. Ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Pamba sikioni haisaidii kitu cha maana, na vile vizibo vidogo vya sponji mtoto mdogo anaweza kuvimeza. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mwenzako wa umbali wa mkono akusikie, uko karibu mno. Na mtoto akiziba masikio usimcheke wala usimwondoe vidole, hata kama kwenye video inapendeza.

Nilimtafuta pia yule mzee wa fimbo. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya nyuki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mjukuu wake naye huongeza sauti ya redio kila akiingia ndani. Sikumwambia lolote kuhusu hilo. Si kazi yangu kupima watoto wa watu kwa maneno. Ila nilimwona akiichukua kamba kwa fundi. Alasiri ile aliwarudisha watoto nyuma kwa fimbo ileile aliyokuwa anawasogezea mbele. Nusu yao walipita chini ya kamba. Akawarudisha tena. Ilikuwa hivyo mpaka jioni, na sijui kama alisikia hata wimbo mmoja.

Wiki ya Nane Nane nilirudi na binti yangu, na safari hii mama yangu alikuja. Ilikuwa zamu ya kwaya. Tulitandika khanga mbali, karibu na mama anayechoma mahindi, ambako jukwaa lilionekana dogo kama kiberiti. Nilijiandaa kwa malalamiko kwamba haoni. Hakulalamika. Kule nyuma palikuwa na nafasi ya kukimbia, na watoto wengine watatu walikwisha kuigundua kabla yetu. Walicheza mpaka khanga ikawa na rangi ya ardhi. Mama yangu aliimba nyimbo zote, pamoja na zile asizozijua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu giza likiingia, mtoto mbele na gunzi lake la mahindi. Nikashindwa kujizuia. Nikanong'ona jina lake.

Hakugeuka.

Nikanong'ona tena.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nakula."