Matembezi na Kijiko cha Sukari



Kila Jumamosi asubuhi, sisi wazee wachache tuishio London hukutana bustanini tukatembea dakika arubaini kwa mwendo wa haraka. Tukimaliza huenda nyumbani kwa mwenzetu mmoja, tukakaribishwa chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya kaimati zilizoiva shira. Tulijiona tumekwisha kulilipia kila tonge kwa jasho letu.

Mwaka jana tulikwenda kupimwa damu. Wawili kati yetu, na mmoja wao ni mwandishi wa maneno haya, waliambiwa kuwa sukari yao imeukaribia mpaka wa maradhi. Tulistaajabu: si sisi tunaotembea?

Ualimu haustaafu, tukashika kalamu. Kijiko cha chai kisichofurika huchukua sukari gramu 4. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe viwili: gramu 24. Hapa Uingereza mtu mzima hushauriwa asizidishe gramu 30 kwa siku, ikihesabiwa pia sukari ya asali na ya maji ya matunda. Na kaimati tulikuwa hatujazihesabu! Gramu hizo 24 zina kalori 96 hivi, na matembezi yetu yote huunguza kiasi cha 150. Sehemu kubwa ya tulichokitoa kwa miguu tuliirudisha kwa kijiko.

Ni kweli kwamba misuli ifanyapo kazi huivuta sukari iliyomo damuni, kwa hiyo kutembea kuna faida kubwa. Lakini mwili una akiba yake katika misuli na ini, nayo yatosha mazoezi ya saa moja bila ya kuongezewa. Hata vijana wetu wabebao chupa za vinywaji vitamu kwenda kucheza mpira kwa nusu saa, maji yangewatosha. Asiyeingia katika hesabu hii ni mgonjwa atumiaye insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari: sukari yake yaweza kushuka ghafla akiwa njiani, hivyo awe na kitu kitamu mfukoni na amfuate daktari wake.

Kilichotutatiza hasa si hesabu, bali heshima. Sisi tuliopanga foleni ya sukari Unguja miaka ya 1970 tulikua tukijua kwamba chai tamu ndiyo mapenzi ya mwenyeji. Tulipoomba chai isiyotiwa sukari, mama mwenye nyumba aliona tumemsusa.

"Mwalimu, chai yangu imekukosea nini?"

Ikatubidi tuseme tuliyokuwa tumeyaficha. Hapo mumewe akaweka kikombe chini, akasema taratibu, "Na mimi pia." Hakuwa amemwambia mkewe.

Tangu siku hiyo sukari hukaa katika bakuli lake, kila mtu akajitilia mwenyewe. Iliki na tangawizi zimezidishwa, na kaimati zangojea Idi. Kipimo cha pili tutakwenda sote pamoja, na mama huyo akiwamo.

Mola atujaalie afya njema.